Makopo Kumi na Tisa ya Machochwe

Sajini Mwanamvua Tamimu alitandika gazeti kuukuu juu ya meza ya ofisi ya kijiji, akamimina unga wa kopo la kwanza, akashika chujio la chai alilopewa na mke wa katibu, akaanza kuchekecha. Alichekecha kijiko kwa kijiko bila haraka, huku Koplo Marwa amesimama dirishani kuuzuia upepo kwa mgongo wake mpana.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, Juni ya mwaka 1976, wakati watu wa Machochwe wanaanika mtama. Makopo yalikuwa kumi na tisa, yote ya bati, yamezungushiwa karatasi ya buluu yenye maandishi ya Kiingereza. Katika maandishi hayo wanakijiji walichukua neno moja tu wakalifanya lao: amino. Kwa mwaka mmoja na nusu unga wa amino ulikuwa ndiyo habari ya kijiji. Chama cha wafadhili wa ng'ambo kiliuleta ujaribiwe, na mganga wa zahanati, Modestus, akawa anaugawa bure kwa wenye ukurutu, ule ugonjwa wa ngozi unaomfanya mtu ajikune hadi damu, na kwa wale ambao kila wiki wana kikohozi au jipu. Aliwaeleza kwamba nyama, maziwa na mayai vikifika tumboni hukatwakatwa kuwa vipande vidogo viitwavyo amino, na kwamba vipande hivyo ndivyo mwili unavyojengea ngozi na kinga yake. Mwenye ngozi mbovu amepungukiwa navyo. Anywe vijiko viwili kwa siku, apone.

Na watu walipona. Hilo halikuwa na ubishi. Waliokuwa hawalali kwa kujikuna walilala. Wajumbe wa wilaya walikuja kuangalia, zahanati ikasifiwa mkutanoni Mugumu, makao makuu ya wilaya. Halafu katika mwezi mmoja wakafa wawili: Gati, mtoto wa miaka sita, binti wa mkulima aitwaye Matiko, na Mwalimu Bernadetha wa shule ya msingi. Wote wawili walikuwa wanywaji wa unga. Mwalimu mkuu akawaandikia polisi barua.

Mwanamvua alifika Jumatatu. Alikuwa mzaliwa wa Tanga, miaka saba katika upelelezi, miwili kati ya hiyo hapa Serengeti. Amri yake ya kwanza ilikuwa makopo yote yakusanywe kabla ya jua kuzama na mtu yeyote asionje tena unga ule mpaka polisi waseme. Mgambo walipita nyumba kwa nyumba na magunia. Hakuna aliyekataa. Jioni ile alimwambia Marwa kwamba hajawahi kuona watu watiifu namna hii.

Katika kopo la tatu, chujio lilibakiza kitu.

Kilikuwa kipande cheupe kidogo kuliko punje ya mtama. Mwanamvua alikisukuma kwa ncha ya kalamu hadi kwenye mwanga. Upande mmoja ulikuwa bapa, ukingo wake umepinda, na katikati ulipita mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula.

"Sumu ya panya, afande?" Marwa aliuliza.

"Sumu ya panya haichongwi mfereji wa kukatia nusu. Hiki ni kidonge. Mtu alisaga vidonge, hiki kikamponyoka."

Alikitia katika bahasha. Pamoja nacho alitia picha mbili za Mwalimu Bernadetha alizokuwa amezichukua shuleni. Ya kwanza ilipigwa Januari ya mwaka uliopita, ya pili Mei mwaka huu, na zilikuwa zimemsumbua tangu alipozipata kwa sababu mtu angeweza kuapa kwamba ni watu wawili tofauti. Katika ile ya pili mashavu ya mwalimu yalikuwa yamefura hadi macho yakawa vijistari, na shingo imezama mabegani. Kijijini kila mtu alisema alikuwa amenawiri. Mwanamvua aliandika maneno machache kwa Daktari Laurian wa Mugumu, akiuliza ni dawa gani na inauaje, akampa Marwa bahasha na kumwambia aende na Landrova asirudi bila majibu.

Alipobaki peke yake alifungua daftari kwenye maelezo ya Maftah.

Maftah alikuwa fundi bati wa Mugumu, mzee wa Kiislamu mwenye ndevu nyeupe, na tangu Jumatatu usiku alikuwa mahabusu. Alikamatwa kwa sababu mifuniko ya makopo ilikuwa imefunguliwa ikazibwa tena kwa risasi ya kuchomelea, na katika wilaya nzima fundi wa kazi safi namna ile alikuwa yeye. Marwa aliamini kwamba muuaji amepatikana. Jumanne Mwanamvua alikwenda kumhoji, akamwamkia shikamoo kabla ya kumuuliza lolote, na mzee akaitikia kana kwamba wapo kibarazani kwake. Hakukana. Alisema makopo aliletewa na mganga wa Machochwe, akaambiwa azibe ili unyevu usiingie. Alichokiona cha ajabu ni kwamba yalikuwa yamejaa kupita kiasi. Kopo la kiwandani, alieleza, huachwa nafasi ya kidole chini ya mfuniko, lakini haya yalijaa mpaka mdomoni, hata ilimbidi apunguze kijiko kila kopo ili moto usiunguze unga.

Kwa hiyo kuna kitu kiliongezwa kabla kopo halijafika kwa fundi. Mwanamvua alikuwa ameandika hivyo na kuweka mstari chini yake. Kilichokuwa hakimkai vizuri ni tarehe. Kopo la Gati liliisha tarehe mosi, mtoto akafa tarehe tisa. Mwalimu Bernadetha alisafiri tarehe nane kwenda Susuni kumzika mama yake, akasahau kopo nyumbani, akafia hukohuko tarehe kumi na nne. Sumu gani hiyo inayongoja wiki nzima baada ya mtu kuacha kuila?

Alifunga daftari akaenda kwa Matiko.

Alimkuta anapura mtama na mkewe. Matiko aliweka fimbo chini, akamletea kigoda, na akajibu kila swali kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema hayo mara nyingi moyoni. Gati alizaliwa na ukurutu. Usiku walikuwa wakimfunga mikono kwa vitambaa. Alipoanza unga, siku ya nne alilala mpaka jua likamkuta kitandani, na mama yake alikwenda kumgusa akidhani amekufa. Mwaka mzima mtoto alicheza. Kisha mvua ikakata barabara, kopo jipya likachelewa.

"Alianza kulalamika lini?" Mwanamvua aliuliza.

"Siku ya tatu baada ya unga kuisha. Alisema miguu haina nguvu. Akapata mafua, mafua haya haya ya kila mtoto. Akatapika, akawa baridi. Afande, wenzake wote waliugua mafua yale na wote wapo pale wanacheza."

"Na wakati anakunywa unga?"

Matiko alimtazama kama aliyeulizwa jambo la kitoto. "Wakati anakunywa alikuwa mzima. Ulipoisha unga ndipo mtoto wangu alipoisha."

Mwanamvua aliandika sentensi hiyo kama ilivyosemwa, akaondoka bila kuielewa.

Zahanati ilikuwa jengo la tofali mbichi lenye vyumba viwili, lililojengwa kwa nguvu za watu wakati wa kuhamia kijijini. Modestus alikuwa dirishani anafunga kidonda cha mtu. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye kusema taratibu, na pamoja na joto la saa tano alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote. Alimaliza kumfunga mgonjwa wake, akanawa, akamkaribisha Mwanamvua kiti.

Mwanamvua alimuuliza kuhusu wafadhili, kuhusu tarehe za kupokea mizigo, kuhusu safari za kwa fundi bati. Kila jibu lilikuja likiwa limepangwa. Makopo aliyafungua kukagua ubora. Aliyaziba kwa sababu ya unyevu. Unga ni uleule. Alipokuwa akieleza, mkono wake wa kulia uliingia ndani ya mkono wa kushoto wa shati, ukakuna, ukatoka. Baada ya muda ukarudi tena.

"Bwana Mganga, na wewe unakunywa unga huu?"

Alisema anakunywa kila siku.

"Hebu kunja mikono ya shati."

Hakukunja. Mwanamvua hakurudia kusema, aliketi tu akingoja. Nje mtu aliyefungwa kidonda alikuwa akiagana na wenzake, sauti zikasogea mbali. Modestus alifungua kifungo kimoja, kisha cha pili. Kuanzia kiwiko mpaka kifundo cha mkono ngozi ilikuwa imepasuka na kutoa maji, alama mpya za kucha juu ya alama za zamani. Mtu aliyeponya kijiji kizima hakuwa na mahali pazima pa kuwekea kiganja.

"Niliunywa mwaka mzima," alisema. "Ule halisi, kama ulivyotoka kwao. Haukunisaidia kitu."

Baada ya hapo ilikuwa ni kuandika tu. Alisema aliuamini unga kwa moyo wake wote, kwa sababu ugonjwa ulikuwa wake pia. Aligawa makopo ya mwanzo, akasubiri, na ngozi za watu zikabaki vilevile. Wafadhili walimwandikia wakiuliza matokeo. Kabla hajajibu, siku moja Matiko alimletea Gati na vitambaa vya mikononi vimegandamana na damu, na yeye kabatini alikuwa na vidonge alivyotoka navyo kwenye stoo ya hospitali alikofanya kazi zamani. Alisaga kidogo akachanganya katika unga wa mtoto. Siku nne baadaye mama yake Gati alikuja zahanati akapiga magoti mlangoni. Wakaja wengine. Akawaandikia wafadhili kwamba unga unaponya, wakaleta makopo zaidi. Kila alipotaka kuacha, alikuta watu wapya wamejipanga nje.

Mwanamvua alipekua kabati mbele yake. Nyuma ya mafurushi ya pamba alikuta kinu kidogo cha kauri na mchi wake, vyote vyeupe kwa vumbi, na makopo matatu ya vidonge elfu moja moja, mawili yakiwa matupu. Karatasi zake ziliandikwa prednisoloni. Alivizungushia kitambaa, akaandika orodha, akamwambia Modestus atie sahihi. Kisha akamfunga pingu.

"Makopo mliyakusanya yote?" Modestus aliuliza.

"Yote."

"Hakuna aliyebaki nalo?"

Mwanamvua alidhani anapima ukubwa wa ushahidi. "Hata mmoja," alimjibu.

Modestus aliinamisha kichwa hadi paji likagusa pingu. Mara moja alifungua kinywa, akakifunga. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Mwanamvua, ambaye alikwisha kuona wengi wakilia saa ya kukamatwa, alimwacha alie, akaenda mlangoni kungoja gari.

Landrova ilionekana saa sita na robo. Ilikuwa inakuja kwa mwendo ambao Marwa hakuwahi kuendesha, vumbi limeizidi urefu. Kabla haijasimama sawasawa mlango wa kushoto ulifunguka na Daktari Laurian akashuka na begi lake. Alikuwa Mhaya mfupi mwenye miwani, mtu wa adabu ambaye siku zote huuliza habari za nyumbani kwanza. Leo hakuuliza.

"Wanaokunywa unga huu wako wapi?"

"Wako majumbani kwao. Wako salama, daktari. Makopo tuliyakusanya Jumatatu."

Daktari aliweka begi chini.

"Jumatatu," alisema. "Na leo ni Jumatano."

"Ndiyo."

"Wamekaa siku mbili bila kitu."

"Daktari, ni prednisoloni. Nimekwisha kuipata, na aliyeiweka nimemfunga pingu yumo humo ndani. Hakuna atakayeila tena."

Ndipo daktari alipomweleza, na alieleza kwa sentensi fupi, akitazama saa yake. Picha za mwalimu ndizo zilizomwambia, hata kabla ya kipande cha kidonge. Uso ule wa mviringo haukuwa afya, ulikuwa ni alama ya dawa hii ikinywewa muda mrefu. Dawa yenyewe hutuliza ngozi upesi, lakini huituliza kwa kuinyamazisha kinga ya mwili, ile ile ambayo mganga alidai anaijenga. Na kuna jambo baya zaidi. Mwili wa kila mtu hutengeneza kitu cha namna hiyo wenyewe, kila siku, katika vitezi vidogo vilivyokaa juu ya figo. Ukiletewa kutoka nje miezi mingi, vitezi hulala. Anayetaka kuacha hupunguziwa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, mpaka viamke. Ukimnyima ghafla, mwili unabaki mtupu. Homa kidogo tu, kuhara kidogo tu, mtu anaishiwa nguvu, anapoa, anakwenda.

"Gati hakuuawa na unga," daktari alisema. "Aliuawa na kuukosa. Mwalimu naye hivyo hivyo. Sasa kuna nyumba kumi na tisa."

Tarehe zote zilizokuwa hazikai zikakaa. Mwanamvua aliegemea boneti ya Landrova kwa kiganja. Injini ilikuwa inachemka na bati lilikuwa linaunguza, lakini mkono wake ulibaki palepale mpaka Marwa alipoushika akautoa. Ngozi ya kiganja ilikuwa imebadilika rangi. Aliitazama kama kitu cha mtu mwingine.

Aliingia ndani.

"Ulijua?"

Modestus hakuinua uso. "Nilianza kushuku alipokufa Mwalimu."

"Na Jumatatu, mgambo walipopita hapa na magunia?"

"Nilisimama pale mlangoni nikiwatazama. Ningewaambia, ningekuwa nimejifunga mwenyewe."

 Marwa, aliyekuwa amesimama nyuma, alipiga hatua moja mbele na Mwanamvua akamzuia kwa mkono. Daktari ndiye aliyezungumza. Alisema lazima ajue kila kopo lilitiwa vidonge vingapi, maana makopo hayakuwa sawa, na hapakuwa na mtu mwingine duniani anayejua. Mwanamvua alitoa ufunguo akamfungua Modestus mkono wa kulia. Mganga alishika kalamu, akaanza kuandika majina ya wagonjwa wake na hesabu ya vidonge mbele ya kila jina, bila kusita hata mahali pamoja. Alivikumbuka vyote.

Walimpeleka Modestus ofisini, na katibu wa kijiji akagonga ringi ya gurudumu iliyoning'inizwa nje. Watu waliacha mtama, wakaja. Mwanamvua alipanda juu ya kiti, akawaambia kwamba unga ulitiwa dawa kali kwa siri na aliyeitia amekamatwa, na kwamba waliokuwa wakiunywa wanapaswa kuurudia leo, sasa hivi, kwa kipimo cha daktari, la sivyo watakufa.

Hakuna aliyesogea.

Bibi mmoja mrefu, mwenye pete za shaba zilizojaa mkononi, alisema kwa Kikurya maneno marefu akimwelekea Marwa. Marwa alisita kabla ya kutafsiri.

"Anasema, mura, yaani kijana, mwambie huyo mama: Jumatatu mlisema ni sumu, tukawapa. Leo mnasema ni dawa, tule. Anauliza kati ya polisi wale na polisi hawa, yeye awaamini wepi."

Mwanamvua alishuka kwenye kiti. "Mwambie Jumatatu nilikosea."

Marwa alimtazama.

"Mwambie hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyetoa amri, na nilikosea."

Alichukua kopo moja mezani, akamtazama daktari, daktari akaitikia kwa kichwa. Alichota kijiko kimoja, akakimimina kinywani mbele yao bila maji. Unga ulinata kwenye kaakaa, una ladha ya mchuzi wa jana, kisha nyuma ya ulimi ukaja uchungu ambao haukuwa wa unga. Alimeza akafungua kinywa waone. Watu walikaa wakimtazama kitambo kirefu, kana kwamba wanangoja aanguke. Halafu bibi yule wa pete alisukuma watu wawili akapita, akaketi kwenye benchi mbele ya daktari, akanyoosha mkono apimwe.

Kazi ilikwenda upesi baada ya hapo. Modestus alisoma majina, daktari alivunja vidonge na kupima, Marwa alimpa kila mtu maji. Ambao hawakuweza kutembea mgambo waliwaleta kwa baiskeli na kwa vitanda. Wawili walikuwa tayari wamelegea, midomo mikavu, na daktari akawachoma sindano kati ya zile nne alizokuwa nazo begini. Baada ya nusu saa mmoja wao aliomba uji. Kila jina lilipopigwa mstari, Mwanamvua alilipiga yeye mwenyewe, kwa mkono uliofungwa bendeji.

Kufika saa tisa lilibaki jina moja.

"Robi," Modestus alisoma. "Miaka saba. Mtoto wa Kezia."

Nyumba ya Kezia ilikuwa ya mwisho kabisa, ng'ambo ya kijito, mahali mashamba yanapokoma na pori la wanyama linapoanza. Mlio wa ringi haukufika huko. Landrova ilivuka kijito, ikapanda, ikapita kwenye mabua ya mahindi, na Daktari Laurian alikuwa ameshikilia bomba la sindano mkononi limekwisha kujazwa.

Wanawake watano walikuwa wamekaa chini mbele ya mlango, kanga wamezifunga viunoni. Walipoona gari hawakuinuka. Daktari aliwapita akaingia ndani. Alitoka baada ya muda mfupi sana, akasimama, akairudisha kofia ya sindano mahali pake.

Kezia alikuwa amekaa na mgongo ukutani. Hakuwa akilia. Mwanamvua alipiga magoti mbele yake kwa sababu hakujua namna nyingine ya kukaa pale, akampa pole, na Kezia akaipokea kama wanavyopokea watu.

"Ilikuwa saa ngapi?" daktari aliuliza kwa sauti ya chini.

Mmoja wa wanawake alisema jua lilikuwa utosini.

Saa sita, Mwanamvua alijisemea. Wakati ule mimi nimesimama mlangoni pa zahanati nangoja gari.

"Alipata homa Jumatatu usiku," Kezia alisema. "Homa tu. Jana akaniomba unga wake. Nikamwambia, mwanangu, askari wamesema ni sumu. Akasema basi hata kijiko kimoja. Nikamwambia hakipo, kopo nimelipeleka. Wengine walinishauri nifiche kidogo. Nikasema hapana, serikali imekuja kutusaidia. Nililipeleka mwenyewe, sikungoja hata mgambo wafike."

Mwanamvua alikaa pale mpaka daktari alipomgusa bega. Aliinuka, akaaga wanawake mmoja mmoja, akarudi kwenye gari.

Walipofika ofisini jua lilikuwa bado juu. Daktari aliagiza kwamba Modestus abaki zahanati chini ya ulinzi kwa wiki sita, maana vipimo vya kila siku vya watu kumi na wanane vilikuwa kichwani mwake na kumpeleka rumande Mugumu kungekuwa ni kuwaua wengine. Mwanamvua alikubali. Alitia sahihi amri hiyo, akaandika nyingine ya kumwachia Maftah saa ileile, na akataka fundi arudishiwe vyombo vyake vyote.

Kisha alichukua karatasi safi za maelezo kutoka kwenye mkoba, akazisukuma upande wa pili wa meza mbele ya Marwa, pamoja na kalamu.

"Za nani, afande?"

"Za kifo cha Robi. Wewe ndiye utakayeandika."

"Maelezo ya mganga tumekwisha kuyachukua."

"Ya mganga yanafika Jumatatu mchana. Yaliyofuata hayakuwa yake." Alivua kofia akaiweka mezani, akavuta kile kiti cha upande ambao mashahidi hukaa, akaketi. "Andika kama unavyomwandikia mtu mwingine yeyote. Anza na jina langu kamili, umri, kabila, kazi. Halafu niulize nani alitoa amri mtoto yule anyang'anywe dawa."

Marwa aliishika kalamu muda mrefu. Hatimaye akainama, akaandika jina, na akauliza.